Stripu 50 na Daftari Moja

Mazungumzo ya leo nayaelekeza kwenye nyumba zenye mashine ndogo ya kupima sukari, na nyumba za namna hiyo zinazidi kuongezeka. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Dk. Donald McLarty na wenzake walipopima watu wazima katika vijiji vya Tanzania, walikuta mwenye kisukari ni takriban 1 katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowahusu watu wa miaka 25 hadi 64, mjini na shamba, ulikuta 9 katika kila 100. Waliopimwa mara hizo mbili si watu wa aina moja, kwa hiyo tusizilinganishe tarakimu hizo kama mizigo juu ya mizani. Hata hivyo, inaonekana safari ya ugonjwa huu imekwenda wapi. Kwa jirani zetu Kenya, uchunguzi wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima 9 kati ya 10 walikuwa hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja. Hao wanahitaji mazungumzo yao. Leo nasema na yule ambaye amekwisha kujua kuwa ana kisukari, akajikamua akanunua mashine, na kila asubuhi anajitoboa kidole. Nataka tuulizane: ile namba anayoisoma inamfanyia kazi gani?

Kwa wengi, jibu ni kwamba haifanyi kazi yoyote. Mtu anaamka, anapima, anaona 8.4, anaguna, anafunga kijaluba, anakwenda zake. Kesho ni 7.9, anafurahi. Keshokutwa ni 10.2, anakosa raha mchana kutwa na hajui afanye nini. Stripu imekwisha, hela imekwenda, na dawa, chakula na mwendo wa mwili vimebaki palepale. Hoja yangu ni kwamba kupima sukari nyumbani kuna thamani pale tu kipimo kinapojibu swali, kikaandikwa, kisha kikasomwa na mtu mwenye uwezo wa kubadilisha jambo. Ukiwa na mambo hayo matatu, stripu chache zinatosha. Ukiyakosa, hata ukipima mara 5 kwa siku umejitoboa bure.

Tuanze na namba ya asubuhi, kwa sababu ndiyo inayopendwa kuliko zote. Mtu analala na njaa, hakula chochote baada ya saa 1 jioni, na asubuhi anakuta 9. Anashangaa, wengine hata wanaishuku mashine. Lakini ini halilali. Usiku kucha linatoa sukari kidogo kidogo ili ubongo na moyo vipate nguvu, na kuelekea alfajiri homoni za kuuamsha mwili huliongezea kasi. Kwa asiye na kisukari, insulini yake huidhibiti sukari hiyo. Kwa mwenye kisukari inapanda. Kwa hiyo namba ya asubuhi inaeleza zaidi habari za ini na dawa za usiku, na inaeleza kidogo sana kuhusu chapati mbili za saa 4 au sahani ya wali ya mchana. Anayetaka kujua kama bahari inajaa au inakupwa haitazami mara moja akaondoka. Anaweka alama mchangani, anarudi baadaye kuangalia. Kwa sukari pia alama ni mbili: kipimo kabla ya kula, na kingine saa 2 tangu ulipoanza kula. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, lengo ni kati ya 4 na 7 kabla ya kula, na chini ya 10 baada ya hizo saa 2. Mjamzito, mtoto na mzee aliyedhoofika wana malengo yao, na hayo wayapate kliniki.

Namba mbili zilizofungamana hivyo zinaeleza jambo ambalo namba moja haiwezi kulisema. Tuseme kabla ya chakula cha mchana ni 6.8 na baadaye ni 13.4. Hapo chakula chenyewe ndicho kilichopandisha, na tunajua pa kushika: kipimo cha ugali, kilichoambatana nao, soda ya kuteremshia. Sasa tuseme kabla ni 11.2 na baadaye ni 12.6. Ugali ule haukufanya kosa kubwa. Sukari ilikuwa juu hata kabla ya kunawa mikono. Mtu huyu akizidi kujinyima chakula atakonda na kunung'unika, na tatizo litabaki, kwa sababu huenda dawa yake haitoshi au haimezwi inavyotakiwa. Wagonjwa wangapi wamelaumiwa kwa kula ilhali kilichopaswa kuangaliwa ni dozi! Na wangapi wameongezewa vidonge ilhali kilichotakiwa ni kupunguza sahani! Stripu mbili zilizopangwa zinaweza kuwatenganisha hawa wawili.

Hapa ndipo mashine inapokuwa na faida ambayo hakuna karatasi ya mwongozo wa chakula inayoweza kuifikia. Kwenye kliniki zetu watu wanaambiwa waache sembe wale dona, nao wakirudi nyumbani wanalila dona sahani ya kujaa, wakiamini kwamba sasa halina madhara. Dona lina makapi na kiini cha mahindi, na hilo ni jema, lakini wanga wake bado ni mwingi, na mlima wa dona ni mlima. Vivyo hivyo kwa muhogo, viazi vitamu, ndizi za kupika, uji wa ulezi. Miili haifanani, chakula kinachompandisha huyu sana kinaweza kumpandisha yule kidogo. Badala ya kubishana, pima. Jumanne kula dona kipimo chako cha kawaida, pima kabla na baada. Wiki ijayo kula nusu ya ugali ule, ongeza mchicha na maharage, pima tena. Au kula kama kawaida kisha tembea dakika 20, upime. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, vinginevyo hutajua kilichosaidia ni kipi. Hivyo ndivyo alivyofanya Richard Bernstein, mhandisi wa Kimarekani aliyekuwa na kisukari tangu utotoni. Mwaka 1969 alipata mashine ya kupimia damu kupitia mkewe aliyekuwa daktari, kwa kuwa wakati huo hazikuuzwa kwa wagonjwa. Alikuwa akijipima, akiandika, akirekebisha chakula na insulini hatua kwa hatua. Wanataaluma hawakumsikiliza, akaamua kwenda kusomea udaktari akiwa na miaka zaidi ya 40. Kabla ya mashine hizo wagonjwa walitegemea kupima mkojo, na sukari haionekani kwenye mkojo mpaka ile ya damu izidi takriban 10. Aliyeshukiwa na sukari mkojo haukumwambia kitu.

Sasa tuje kwenye gharama, kwa sababu najua wapo wanaosema haya ni maneno ya wenye nacho. Mashine yenyewe si mzigo mkubwa; mzigo ni stripu, na kwa wengi wetu bima haizilipii. Anayepima mara 4 kwa siku anamaliza boksi la stripu 50 kwa siku 12 na nusu. Lakini mtu wa kisukari cha aina ya 2 anayetumia vidonge, na ambaye hali yake imetulia, hana haja ya mwendo huo. Akichagua siku 2 katika wiki, na kila siku akapima mlo mmoja kabla na baada, anatumia stripu 4 kwa wiki, na boksi la 50 linamfikisha wiki 12. Wiki 12 ni karibu miezi 3, muda ambao wengi hupewa kati ya tarehe moja ya kliniki na nyingine. Wiki hii kifungua kinywa, wiki ijayo mlo wa mchana, inayofuata wa jioni, kisha unarudi mwanzo. Mwisho wa miezi 3 daftari lina jozi zaidi ya 20, na picha ya siku nzima imekamilika kwa boksi moja. Anayetumia boksi hilohilo kupima kila asubuhi, kwa siku 50 mfululizo, anabaki na habari za asubuhi peke yake.

Anayejidunga insulini nisingependa apange hesabu hii kabisa. Kwake kupima ni sehemu ya dawa yenyewe, kila siku, kwa kuwa insulini iliyozidi inaua haraka kuliko sukari iliyopanda. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Kanada kuanzia 1983 hadi 1993, kwa watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya 1, ulionyesha kwamba waliopima mara 4 au zaidi kwa siku na kurekebisha insulini yao kufuata namba walipunguza sana madhara ya macho. Kwa wale ambao macho yao yalikuwa bado mazima, hatari ya ugonjwa wa jicho ilipungua kwa asilimia 76. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba kushuka kwa sukari kwa kiwango cha hatari kuliongezeka takriban mara 3, na ndiyo maana asiyepima haruhusiwi kujidunga kwa kubahatisha. Namba ikiwa chini ya 4, hapo hakuna cha kuandika kwanza: koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, subiri dakika 15, pima tena, na ikiwa bado chini rudia. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote, akimbizwe hospitali. Wanaomeza glibenklamidi nao wamo humu, kwa sababu kidonge hicho kinaweza kuishusha sukari, hasa kwa mzee mwenye matatizo ya figo au aliyekosa mlo. Na dereva wa bodaboda au daladala anayetumia insulini asiwashe chombo kabla ya kujua namba yake. Akikuta chini ya 5, ale kwanza. Abiria wake wana haki hiyo.

Yupo atakayesimama kwa hoja nzito: utafiti umekwisha sema kwamba kujipima hakuwasaidii wenye aina ya 2 wasiotumia insulini. Ni kweli upo utafiti wa namna hiyo, na ulifanywa vizuri. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya watu 450 wa jimbo la North Carolina, Marekani. Kundi moja halikupima kabisa, la pili lilipima mara moja kwa siku, la tatu lilipima mara moja kwa siku na kupata ujumbe wa kutia moyo kutoka kwenye mashine. Baada ya mwaka, makundi yote yalikuwa sawa. Siupingi utafiti huo. Naona unathibitisha ninachosema. Kilichojaribiwa pale ni ile tabia ya namba moja kwa siku, isiyokuwa na jozi wala mpango wa nini kibadilike. Mwaka 2011 ulikuwa umetoka utafiti mwingine, wa Marekani vilevile, wa watu 483 wa aina hiyohiyo. Kundi moja lilipima mara 7 kwa siku kwa siku 3 tu mfululizo, kabla ya kwenda kumwona daktari kila baada ya miezi 3, na madaktari walifundishwa kuisoma ile karatasi. Wastani wa sukari wa miezi mitatu wa kundi hilo ulishuka kwa pointi 1.2 za asilimia, na kwa kundi la kulinganishia ulishuka kwa 0.9. Tofauti si kubwa, na msikilizaji anastahili kujua kwamba utafiti huo uligharimiwa na kampuni inayotengeneza mashine. Lakini ndani yake kuna jambo ambalo sisi tunaweza kulifanya bila kampuni yoyote: daktari alifungua karatasi, na dawa ikabadilishwa mapema. Na nikubali hili waziwazi: mtu anayetumia metformini peke yake, ambaye vipimo vyake vya kliniki ni vizuri na hana swali jipya, anaweza kuiweka mashine kabatini miezi kadhaa na asidhurike. Hela hiyo anunulie mboga.

Mwingine atasema: kwa nini nijitoboe, nami nina kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu? Kipimo hicho ni kizuri, nami simshauri mtu akiache pale kinapopatikana. Lakini vituo vingi vya wilayani bado havina. Halafu wastani unaficha: mtu anayeshuka hadi 3 usiku na kupanda hadi 15 mchana anaweza kuonyesha wastani wa kupendeza. Na kuna jambo linalotuhusu sisi kuliko watu wa nchi za baridi. Kipimo hicho kinasoma sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida huishi takriban siku 120. Mwenye selimundu, au ambaye chembe zake zinakufa mapema kwa sababu nyingine, chembe zake hazikai muda wa kutosha kukusanya sukari, na jibu linatoka dogo kuliko ukweli. Upungufu wa madini ya chuma huweza kulisukuma jibu upande wa pili. Katika ukanda wenye selimundu, malaria na upungufu wa damu kama wetu, jibu la maabara lisilofanana na daftari la nyumbani lichunguzwe. Daftari lisitupwe kwa kuwa tu liliandikwa kwa kalamu ya mgonjwa.

Kuhusu uaminifu wa mashine, malalamiko ni mengi, na mengine ni ya haki. Mtu anapima nyumbani anapata 8.1, anapita famasi anapata 8.9, anatangaza kwamba moja ni bovu. Kiwango cha kimataifa kinaruhusu mashine nzuri kutofautiana na maabara kwa asilimia 15 juu au chini, kwa hiyo 8.1 na 8.9 zihesabiwe kuwa namba moja. Fuata mwelekeo katika mashine yako hiyohiyo. Lakini makosa makubwa tunayafanya wenyewe. Aliyemenya embe au chungwa akapima bila kunawa anaweza kusoma sukari ya tunda iliyobaki kidoleni. Watafiti wa Japani walijaribu jambo hili mwaka 2011 wakakuta hata kufuta kwa spiriti hakutoshi. Maji ya bomba ndiyo yaliyoiondoa. Nawa, kausha, toboa ubavuni mwa ncha ya kidole ambako maumivu ni kidogo. Kopo la stripu lifungwe mara tu unapotoa moja, kwa kuwa unyevu wa Tanga, Mombasa au Unguja unaziharibu, na joto la dashibodi ya gari vilevile. Tazama tarehe ya mwisho. Kijisindano cha kutobolea kisitumiwe na watu wawili, hata mume na mke, kwa sababu homa ya ini ya aina B huambukizwa kwa njia hiyo. Na kabla ya kufurahia mashine iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani, uliza kwanza kama stripu zake zinauzwa hapa, maana kila mashine inakubali za kwake tu. Mashine za kule husoma kwa vipimo vingine: 126 yao ni 7 yetu. Gawanya kwa 18.

Wapo wanaosema wanaujua mwili wao, sukari ikipanda wanahisi. Ningependa iwe hivyo. Kiu na mkojo wa mara kwa mara huja sukari ikiwa imekwisha kupanda sana, na aliyezoea kuishi na 14 huanza kutetemeka akifika 6, akadhani ameshuka, akanywa soda. Aliyeshuka mara nyingi, kwa upande wake, mwili wake huacha kumpa taarifa. Na kwa ndugu zetu Waislamu wanaofunga Ramadhani: mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani unasema kujitoboa kidole kupima hakufunguzi saumu, na unashauri mtu afungue ikiwa sukari imeshuka chini ya 3.9 au imepita 16.6. Bila kupima, hilo utalijuaje?

Limebaki jambo ambalo naliona ndilo kiini cha yote. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani waliwapa wagonjwa mashine zenye kumbukumbu iliyofichwa, wakalinganisha na madaftari yao. Wengi walikuwa wameandika namba nzuri kuliko zile halisi, na nyingine hawakupima kabisa. Ni rahisi kusema wagonjwa ni waongo. Mimi naona walikuwa wanajikinga. Mtu anayejua kwamba akionyesha 16 atagombezwa mbele ya foleni, ataambiwa ana kichwa kigumu, ataonyeshwa picha ya mguu uliokatwa, ataandika 8. Tumelifanya daftari kuwa mtihani, na mtihani huzaa udanganyifu. Waganga na wauguzi wa kliniki zetu wana wagonjwa wengi na dakika chache, hilo halibishaniwi. Lakini kufungua kurasa mbili na kutafuta jozi iliyo mbaya kuliko zote hakuchukui dakika 3, na swali la kwanza liwe: siku hiyo kulikuwa na nini? Huenda alikuwa na malaria, na ugonjwa mara nyingi hupandisha sukari. Huenda alipewa dawa za steroidi kwa ajili ya pumu. Huenda vidonge viliisha tarehe 20 na mshahara ni tarehe 30. Namba 16 iliyoandikwa kwa ukweli imeleta habari hizo zote mezani, na aliyeileta anastahili shukrani.

Basi, mama, baba, kaka, dada unayenisikiliza: chukua daftari la shule, piga mistari, andika tarehe, saa, ulichokula na kiasi chake, dawa uliyomeza, namba ya kabla na namba ya baada. Usibadilishe dozi ya insulini peke yako bila kuelekezwa. Ukikuta sukari imepita 15 mara mbili mfululizo huku unatapika au unahema kwa kasi, usingoje tarehe ya kliniki, nenda siku hiyohiyo. Na tarehe yako ikifika, liweke daftari mezani kabla hujaketi. Daktari asipolifungua, mwombe kwa heshima alifungue.